Shajara ya Sanduku la Mawe

11 Januari

Sanduku limefika. Fundi amelikamilisha kwa mbao zilizosalia kwenye kazi ya paa, akatia trei tano zinazochomoka kama droo, na kishikio cha kamba kila upande ili wabebe watu wawili. Kuanzia leo naandika kila hatua hapa, kwa ajili yangu na kwa ajili ya mwalimu yeyote atakayetaka kutengeneza lake.

Lengo ni moja: mtoto wa hapa Turkana ashike mkononi zana za mawe za aina walizotumia wafugaji wa kwanza wa nchi hii, na asome maelezo yake kwa Kiswahili. Miaka 5,000 hivi iliyopita watu waliingia kando ya Ziwa Turkana na mbuzi, kondoo na ng'ombe. Kwa Kenya na Tanzania, ufugaji ulianzia huku kwetu, na baadaye ndipo ukashuka na Bonde la Ufa. Wanafunzi wangu wamekulia kwenye maboma ya mbuzi, lakini habari hiyo hawajawahi kuisikia. Wakisikia neno Turkana kwenye historia, wanasikia mifupa ya binadamu wa kale wa Koobi Fora, ya miaka milioni na zaidi, kisha kimya mpaka kuja kwa mkoloni. Katikati hapo pamerukwa.

Sharti nililojiwekea: hakuna zana ya kale hata moja itakayookotwa jangwani. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inakataza, na hata isingekataza nisingefanya. Zana ya kale ina maana pale ilipolala, pamoja na jirani zake na tabaka la udongo lililoifunika. Ukishaitia mfukoni umebaki na jiwe zuri tu. Kwa hiyo kila zana itakayoingia sandukuni nitaichonga mwenyewe.

19 Januari

Nimekwenda Kalokol kutazama nguzo. Ni mwendo mfupi kutoka barabara ya Lodwar, na nimepita hapo mara nyingi bila kushuka. Leo nimeshuka na kukaa saa mbili.

Nguzo ni 19, za bazalti nyeusi, zimesimama zikiwa zimeinama huku na huku, na juu yake wapita njia huweka vijiwe. Waturkana hupaita Namoratunga. Wazee husimulia kwamba walikuwa watu waliokuwa wakicheza ngoma, wakageuka mawe. Mwaka 1978 watafiti wawili, Lynch na Robbins, waliandika kwamba nguzo zimepangwa kufuata nyota fulani, na kwamba zilikuwa kalenda ya miaka 300 hivi kabla ya Kristo. Habari hiyo ilienea sana na mpaka leo utaikuta imenukuliwa kama jambo lililokwisha kuthibitishwa. Lakini vipimo vyao vilipingwa miaka michache baadaye, na uchimbuzi wa karibuni umeonyesha kwamba nguzo za ziwa hili ni za kale kuliko hapo kwa miaka elfu mbili na zaidi. Nasikitika kuona kalenda ya nyota inapendwa kuliko ukweli, maana ukweli wenyewe ni mkubwa zaidi.

Ukweli huo uko Lothagam, kusini zaidi, kuelekea bonde la Kerio. Mahali paitwapo Lothagam Kaskazini watu walikwangua mchanga wa ufuo wa zamani mpaka wakafika kwenye mwamba, wakachimba makaburi ndani ya shimo hilo, wakazika, wakazika tena, kwa mamia ya miaka, kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita. Mwishowe wakalifukia, wakalifunika kwa mawe, wakasimamisha nguzo ambazo nyingine zilitolewa umbali wa kilomita moja. Jukwaa lote lina upana wa mita 30 hivi. Ripoti ya mwaka 2018 ilikadiria waliozikwa humo kuwa watu 580 kwa uchache. Wamo wanawake, wanaume, wazee na watoto wachanga, na hakuna kona iliyotengwa kwa wakubwa. Karibu kila mmoja alizikwa na pambo: shanga za gamba la yai la mbuni, mawe ya rangi ya kijani na buluu, meno ya kiboko, hata pambo lililotengenezwa kwa mamia ya meno ya panya wa jangwani.

Niwaze mtu anayepanga meno ya panya, moja moja, mpaka yawe pambo. Sijui kama mkono wangu utaweza. Hilo litakuwa jaribio la baadaye.

26 Januari

Siku nzima ya kusoma na kuchora. Nimeamua trei ya kwanza isiwe na zana yoyote. Itakuwa na ziwa.

Bila ziwa, mawe haya hayaeleweki. Miaka 9,000 iliyopita mahali tunapopaita jangwa palikuwa pana mvua, na maji yalikuwa juu ya kiwango cha leo kwa zaidi ya mita 80, mpaka yakamwagikia kaskazini-magharibi na kuungana na mfumo wa mto Nile. Watu walikaa ufuoni wakivua sangara wakubwa kwa vyusa vya mfupa vyenye meno ubavuni. Vyusa hivyo vimepatikana kwa wingi Lothagam, ambako Robbins alichimba miaka ya 1960, na upande wa mashariki kuanzia Koobi Fora hadi Lowasera. Halafu, miaka 5,000 na ushei iliyopita, mvua zikapungua na ziwa likateremka kwa makumi ya mita. Ufuo ukawa tambarare, tambarare ikaota majani, na ni wakati huohuo wafugaji na nguzo zao wanapojitokeza.

Nimechora ramani mbili juu ya kitambaa kimoja, ziwa la zamani kwa buluu hafifu na la leo kwa buluu nzito. Nilipoweka alama ya shule yetu nikakuta alama iko karibu na maji kuliko nilivyodhani. Watoto watalipenda hilo.

2 Februari

Mzigo wa obsidiani umefika, lakini gunia moja kati ya mawili. La pili limepotelea njiani, na wenye basi wamesema hawana habari nalo. Nimebaki na kilo 20 hivi, nitajibana.

Obsidiani ni kioo cha volkano. Lava yenye silika nyingi ikipoa haraka haipati nafasi ya kujenga fuwele, inaganda kama kioo cha chupa. Hii yangu imetoka kwenye shamba la mtu upande wa Gilgil, ambako trekta huibua mabonge kila msimu na mwenye shamba huyatupa kwenye ua. Ni nyeusi, ila ukiliinua banzi jembamba kwenye jua linakuwa la moshi. Ya mlima Eburru ina ukijani, na ndiyo iliyopendwa na wafugaji wa jamii ya zana iitwayo Elmenteitan, waliokaa kusini kwetu zaidi ya miaka elfu moja baada ya Lothagam. Wenzao wa jamii nyingine walichukua zaidi ile ya kijivu ya bonde la Naivasha. Kila chimbuko lina kemia yake, kwa hiyo kipande kidogo kikipimwa kwa mionzi kinaeleza kimetoka mlima gani.

Kwa sababu hiyohiyo maelezo ya sanduku yatasema wazi: umbo ni la Turkana, jiwe ni la Gilgil. Wafugaji wa huku walikuwa na machimbuko yao ya kaskazini, na walitumia pia kalsedoni, bazalti na gumegume. Sitaki mtoto yeyote aondoke akidhani mawe haya yalisafiri mpaka hapa miaka 5,000 iliyopita. Yamekuja kwa basi.

8 Februari

Juma zima la kuvunja mawe, na sijapata kitu cha kuweka kwenye trei.

Niandike kosa nililorudia mara nyingi, maana kila anayeanza atalirudia. Nilikuwa nagonga kwa nguvu. Bonge likipasuka vibaya, naongeza nguvu. Jiwe la namna hii halitaki nguvu, linataka pembe. Ukingo unaougonga na uso ambao banzi litabanduka lazima vikutane kwa pembe iliyo chini ya nyuzi 90. Ikizidi hapo, pigo linaingia ndani ya jiwe na kufia humo, na bonge linabaki na ufa usioonekana ambao utakulipukia usoni pigo la kumi. Pembe ikiwa sawa, pigo dogo la jiwe la kugongea, likiwa limeelekezwa nje kidogo, linabandua banzi safi kwa sauti nyembamba ya kukatika. Sauti ya pigo bovu ni nzito, kama mlango uliofungwa kwa hasira. Siku ya nne nilianza kusikiliza badala ya kutazama, na mambo yakabadilika.

Kila banzi linabeba kumbukumbu ya pigo lake. Mahali pa pigo pana kibapa kidogo, chini yake pana kinundu, na kutoka kwenye kinundu mawimbi yanatawanyika kama maji yaliyodondoshewa kokoto. Jua likivunja jiwe halileti kinundu. Mafuriko yakigonganisha kokoto yanaweza kubahatisha moja au mawili, lakini hayawezi kubandua kumi kwa mpangilio kutoka upande mmoja. Nimewahi kuokota jiwe kando ya lagaa, yaani mto mkavu, nikamwambia kila mtu ni kisu cha kale, kumbe lilipasuliwa na joto la mchana na baridi ya usiku. Jiwe hilo litaingia trei ya pili, kwenye sehemu ya mawe yaliyojivunja yenyewe.

Kidole cha shahada cha kushoto kimekatwa. Sikuhisi mpaka nilipoona damu juu ya turubai. Kuanzia sasa glovu ya ngozi, miwani, na kazi ni nje penye upepo wa kunipitia ubavuni, kwa sababu vumbi la silika likijaa mapafuni halitoki.

9 Februari

Kuhusu turubai. Hakuna chenga itakayobaki imetapakaa ardhini. Miaka 200 ijayo mwanaakiolojia akikuta rundo la obsidiani ya Gilgil nyuma ya nyumba ya mwalimu Lodwar, ataandika historia ya uongo bila kosa lake. Kila jioni nakunja turubai, namimina chenga kwenye ndoo, na ndoo ikijaa nazika shimoni pamoja na sarafu ya shilingi 20. Wachonga mawe wengi duniani hufanya hivyo, na ni adabu nzuri. Sarafu itamwambia mchimbaji ni lini.

16 Februari

Maneno. Nimetumia siku mbili kwa maneno tu, na sijutii.

Vitabu vya zana za mawe vimeandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa, na jaribu la kwanza ni kuyabeba maneno yao jinsi yalivyo. Lakini Kiswahili kilishakuwa na karakana zake kabla ya vitabu hivyo. Mhunzi ana fuawe, na jiwe la kulazia jiwe lingine ni fuawe vilevile. Mvuvi ana chusa. Mtega ndege ana ulimbo, na gundi iliyoshika mawe kwenye mti wa mshale ilikuwa ulimbo wa namna hiyo. Gumegume kila mtu analijua kwa bunduki, wachache wanajua kwamba ni jina la jiwe. Kwa bonge linalobanduliwa nimechagua jiwe-mama, kwa sababu watoto wanalielewa papo hapo na swali linalofuata linakuja lenyewe: watoto wake wako wapi? Kinachobanduliwa ni banzi, likiwa refu na lenye kingo mbili sambamba ni wembe. Vinavyobaki ni chenga.

Kilichonipa taabu ni jina la kipindi chenyewe. Tukisema Zama Mpya za Mawe, msomaji anafikiria kilimo, vijiji na mawe yaliyosuguliwa, kwa sababu huko Mashariki ya Kati ndivyo vilivyokuja pamoja. Hapa mifugo ilitangulia na mazao yakachelewa sana. Watu walifuga, wakavua, wakawinda, wakafinyanga vyungu, na hawakulima. Ndiyo maana wanaakiolojia wa Afrika Mashariki huongeza neno la ufugaji kwenye jina. Nami nimeandika Zama za Mawe za Wafugaji. Halina madoido, na halimdanganyi mtu.

23 Februari

Hilali ya kwanza!

Hilali ni zana ndogo yenye umbo la mwezi mchanga, urefu wa kiungo kimoja cha kidole au pungufu. Upande ulionyooka ni makali ya asili ya wembe, hayaguswi. Upande uliopinda ni mgongo uliofanywa butu makusudi. Mgongo huo ndio unaoingia kwenye ulimbo, na ukiwa mkali utakata kamba na kuvunja mti wake. Hilali kadhaa zikipangwa kwenye ncha ya mshale zinakuwa meno, na zikipangwa kwenye mpini mrefu zinakuwa kisu. Jino likivunjika unaling'oa na kubandika jingine, huhitaji kutupa kisu kizima. Kwa mtu anayehama na mifugo na hajui lini ataliona tena chimbuko la obsidiani, huo ni uwekevu mkubwa: kilo moja ya jiwe inatoa mita nyingi za makali.

Namna ilivyofanyika: nimelaza wembe juu ya fuawe, ukingo umejitokeza nje ya fuawe kwa unene wa kucha, nikaubonyeza na kuuponda kidogo kidogo kwa kokoto ndogo. Vipunje vinamwagika kama sukari. Ukiharakisha, wembe unakatika katikati. Kumi zilikatika. Ya kumi na moja ikapinda vizuri kutoka ncha hadi ncha, nikaiinua juani na makali yake yalikuwa uzi mweupe.

Jambo ninalotaka lionekane kwenye trei ya tatu ni hili: hilali hazikuja na mbuzi. Wavuvi na wawindaji wa nchi hii walikuwa wakizitengeneza maelfu ya miaka kabla, na wafugaji wakaendelea kuzitengeneza. Kilichokuja kipya na mifugo ni vyungu vya aina ya Nderit, vilivyochanjwa kwa alama za kabari nje na kukwaruzwa mistari ndani, na nguzo. Jina Nderit limetoka karibu na Nakuru, ambako vilitambuliwa kwanza, lakini vya ziwani ndivyo vya kale zaidi. Pale Dongodien, karibu na Koobi Fora, mwanaakiolojia Barthelme alivikuta pamoja na mifupa ya mbuzi na kondoo, na mifupa ya samaki humohumo. Mtu mmoja, chungu kipya, mbuzi mpya, samaki wa siku zote, na mkononi kijiwe kilekile cha babu wa mtu mwingine.

Tusifanye haraka kusema kwamba wageni waliwafukuza wenyeji, au kwamba wenyeji waliiga tu. Vinasaba vya watu 41 wa kale wa Kenya na Tanzania vilivyochapishwa mwaka 2019 vinaonyesha kuchanganyika, kwa hatua zaidi ya moja.

1 Machi

Jirani yangu, mama mtu mzima ambaye amechuna mbuzi wengi kuliko alivyohesabu, amekubali kujaribu. Kulikuwa na mbuzi wa sherehe, nikamwendea na mabanzi matatu mapya, hayajachongwa zaidi.

"Ejoka noi, mama."

"Ejoka, mwalimu. Umeleta chupa zako?"

Alichukua banzi kubwa, akaligeuza, akapima makali kwa ukucha wa kidole gumba, si kwa ngozi. Mtu anayejua visu. Akachana kuanzia kwato ya nyuma kuelekea pajani kwa mvuto mmoja, na ngozi ikafunguka bila kelele. Alisimama akatazama banzi, kisha akanitazama mimi. Akaendelea. Kwenye utando mweupe kati ya ngozi na nyama banzi lilikwenda kama linaloteleza juu ya maji. Kwenye goti aligusa mfupa na kipande cha ukingo kikaruka, akaacha, akachukua la pili bila kuambiwa.

Mabanzi matatu yalimaliza mbuzi mmoja. Baadaye, akiwa ananawa, alisema, "Hii ni kali kuliko kisu changu. Lakini haina subira. Kisu kikichoka nakinoa, hii ikichoka nitafute nyingine." Kisha akauliza, "Wale watu walikuwa na punda wa kubebea mawe yao?"

Swali hilo nimelala nalo. Ngamia hawakuwako hapa wakati huo, na kuhusu punda sina jibu la hakika. Huenda jiwe lilibebwa na mtu, na kila gramu ilihesabiwa mgongoni. Sasa naelewa kwa mwili wangu kwa nini zana zao ni ndogo hivyo.

Nimempa banzi la nne abaki nalo. Ameliweka juu ya kabati, mbali na wajukuu.

8 Machi

Nimesoma tena kuhusu Wakonso wa kusini mwa Ethiopia. Huko kazi ya kukwangua ngozi kwa vikwangulio vya jiwe imeendelea mpaka nyakati zetu, na wanaochonga mawe hayo ni wanawake. Picha tunazowachorea watoto daima zina mwanamume mwenye misuli ameshika jiwe. Nimechukua karatasi ya maelezo niliyokuwa nimeandika, "mwanamume alichonga zana," nikaandika upya, "mtu alichonga zana." Nimefanya hivyo kwenye maelezo yote.

Vikwangulio vitano vimekamilika. Hivi ni rahisi baada ya hilali.

16 Machi

Gundi ya mgunga, udongo mwekundu uliosagwa, moto mdogo. Nimebandika hilali tatu kwenye ncha ya mti. Usiku ulikuwa mkavu, asubuhi imeshika kama mfupa. Nikajaribu gundi tupu bila udongo: imepasuka ilipokauka. Udongo si rangi tu, basi.

Jaribio la pambo la meno nimeliacha. Nilitoboa gamba la yai la mbuni kutoka kituo chenye kibali cha kuwafuga, shanga moja kwa dakika 40, kwa ncha ya kalsedoni. Wale wa Lothagam walikuwa na shanga kwa maelfu.

29 Machi

Darasa la kwanza la majaribio, Gredi ya 8, wanafunzi 34. Trei ya kwanza, kimya. Trei ya pili, kelele, kila mmoja anataka kutafuta kinundu. Trei ya tatu, wamepanga foleni kuzitazama hilali kwenye kitambaa cheusi. Nilikuwa nimezipanga kwa ukubwa, zote 12, safi kabisa.

Kisha msichana mmoja wa nyuma akainua mkono. "Mwalimu, umesema ya kwanza ilikuja baada ya kumi kukatika. Hizo kumi ziko wapi?"

Nikamwambia nimezizika.

"Na wao walizika zao?"

Nimefundisha miaka 14. Nilisimama pale na sanduku langu la vitu vizuri, nikijua kwamba nimelijenga vibaya. Hawakuzika. Waliacha pale walipokaa. Kile ambacho mchimbaji hukikuta kwa wingi ni chenga, mabanzi ya kutupwa, nyembe zilizokatika, mawe-mama yaliyochoka. Zana nzuri mtu aliondoka nayo. Kutoka kwenye chenga ndipo tunapojua kama walichonga hapo au walileta zilizokwisha kuchongwa, kama jiwe lilikuwa tele au la kubana, kama aliyekaa hapo alikuwa fundi au mtoto anayejifunza. Nami nilitengeneza sanduku lenye zana zilizokamilika tu, kama duka la vito, na ushahidi wote nikautia shimoni na shilingi 20 juu yake.

30 Machi

Sikufukua shimo. Ndoo ya juma la mwisho ilikuwa bado haijazikwa, na humo mna kazi ya jiwe-mama moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, kila kilichotoka. Nimepepeta kwa chujio la chai. Vipande vikubwa kuliko ukucha ni 61. Vumbi na vipunje vimejaa kopo la maziwa. Trei ya nne, iliyokuwa ya picha, nimeiondoa picha.

Pia nimetia hilali tisa zilizokatika kutoka kwenye ndoo hiyo. Nimeziweka mbele ya zile nzima.

5 Aprili

Siku ya mwisho kabla ya likizo. Nimewapa wanafunzi sita jiwe-mama na mabanzi yake 61, na kazi moja: rudisheni. Hakuna gundi, ni kushikilia kwa vidole na mkanda wa karatasi.

Nusu saa ya kwanza hakuna kilichoingia. Kisha mvulana mmoja akalifuata wimbi. Aliona mawimbi kwenye banzi yanaendelea kwenye kovu la jiwe-mama, akaligeuza, likaingia kwa mlio mdogo wa kioo kugusa kioo. Wote wakanyamaza. Baada ya hapo walikuwa wakifuata mawimbi, ngozi ya nje ya jiwe, na mstari mmoja wa kijivu uliopita ndani ya bonge. Kufikia saa sita walikuwa wamerudisha 23, na jiwe lilianza kuonekana tena kama lilivyotoka shambani, na udongo wa Gilgil mashimoni.

Ubavuni palibaki pengo refu, jembamba. Yule msichana wa swali alitafuta kwenye rundo lote mara mbili. Halafu akasimama, akaenda kwenye trei ya tatu bila kuniuliza, akaleta hilali nzima nne kwenye kiganja, akajaribu moja baada ya nyingine. Ya nne iliingia. Makali yake yalilala sawasawa na kovu la jirani. Upande wa pili ulibaki wazi upenyo mwembamba uliopinda, pale nilipouponda mgongo juu ya fuawe.

Akaingiza ukucha kwenye upenyo. "Na hii hapa?"

Nikamsogezea kopo la maziwa.